Usafi wa Maudhui kama Kigezo cha Kuteua Vitabu vya Fasihi katika Malezi ya Kikristo: Muktadha wa Izigo, Muleba

Utangulizi

Sehemu hii inahakiki kigezo kinachotumiwa mara kwa mara na wazazi wa Kikristo wanapoteua vitabu vya fasihi vya kusomwa na vijana nyumbani, yaani usafi wa maudhui. Kwa mujibu wa kigezo hiki, kitabu hufaa endapo hakitaji zinaa, uganga wala ulevi. Kata ya Izigo, wilayani Muleba, ni muktadha mwafaka wa uhakiki huu. Ukatoliki na Ulutheri vimeota mizizi katika eneo hilo kwa vizazi kadhaa. Aidha, wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Katika mkoa uliozika wazazi wengi na kuwaachia mabibi kazi ya kulea wajukuu, uteuzi wa kitabu si suala la ladha tu.

Upungufu wa Kigezo

Udhaifu wa kwanza wa kigezo hiki ni kwamba Biblia yenyewe haikifikii. Habari za Daudi na mke wa Uria, pamoja na za Tamari na Amnoni, zinasimuliwa waziwazi katika Kitabu cha Pili cha Samweli. Mzazi anayezisoma na wanawe hauchukulii uovu unaosimuliwa kuwa uovu unaosifiwa. Udhaifu wa pili ni kwamba kigezo hiki huhesabu vinavyotajwa, na hakiulizi kazi inavihukumu vipi. Kutokana na hali hiyo, kitabu kinaweza kukataliwa kwa sababu isiyo na uzito, huku kasoro yake halisi ikipita bila kuonekana.

Kilio Chetu

Tamthilia ya Kilio Chetu, iliyoandaliwa na Medical Aid Foundation katika miaka ya 1990 na kutumika katika shule za sekondari, inathibitisha hoja hiyo. Mgogoro wake unahusu nyumba na malezi. Mama Suzi anapinga vijana kufundishwa masuala ya jinsia, ilhali Baba Anna anaona kwamba ni wajibu wa mzazi kumweleza mwanawe ukweli. Anna, aliyefunzwa na wazazi wake, anaepuka ushawishi wa Joti. Suzi, aliyenyimwa mafunzo hayo, anapata ujauzito, na Joti anafariki kwa UKIMWI. Mzazi anayeiondoa tamthilia hii katika orodha kwa kuwa inataja ngono anarudia uamuzi wa Mama Suzi, ambao ndio unaohakikiwa na tamthilia yenyewe.

Hata hivyo, kazi hii ina kasoro isiyogunduliwa na kigezo cha usafi. Mpangilio wa matukio unafungamanisha kifo na kosa kiasi kwamba ugonjwa unaonekana kuwa mshahara wa dhambi. Kijana wa Izigo aliyefiwa na mama, au aliyezaliwa na virusi, anaweza kuisoma kama hukumu dhidi ya marehemu wake au dhidi yake mwenyewe. Kwa msomaji huyo, tatizo si neno zinaa. Tatizo ni mantiki ya marafiki wa Ayubu, waliodhani kwamba kila anayeteseka amekosa.

Myombekere na Bugonoka

Fidia ya kasoro hiyo inapatikana katika riwaya ya Aniceti Kitereza, Mkatoliki kutoka Ukerewe aliyesoma katika Seminari ya Rubya, wilayani Muleba. Riwaya yake ilikamilika kwa Kikerewe mwaka 1945, na tafsiri yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1980. Ingepimwa kwa usafi wa maudhui, ingekataliwa mara moja, kwani ina mganga, dawa za uzazi na pombe ya ndizi. Lakini kiini chake ni wanandoa wanaoteseka pasipo kosa. Bugonoka hana mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga hadi wazazi wake wanamrudisha kwao, naye Myombekere anamfuata badala ya kumwacha. Simulizi inatenganisha msiba na hatia: kinachoaibishwa ni ulimi wa wanaosimanga, si tumbo la asiyezaa. Mafunzo ya seminari hayakumfanya mwandishi huyu afute maisha ya watu wake.

Hitimisho

Uhakiki huu unaonesha kwamba swali linalopaswa kuongoza uteuzi ni hili: kitabu kinamfundisha kijana kumtazamaje mtu anayeteseka? Kwa swali hilo, kazi hizi mbili zinapaswa kusomwa pamoja, kwa kuwa ya kwanza inavunja ukimya na ya pili inazuia hukumu. Uandishi nao ufuate mkondo huo huo. Badala ya kujaza nafasi zilizoachwa wazi katika vijitabu vya mazoezi, kijana aandike insha ya kumjibu Mama Suzi, kisha aandike nyingine ya kumtetea Bugonoka mbele ya mawifi zake. Kazi hiyo inamtaka mzazi, au bibi anayelea, asome pamoja naye na awe tayari kuulizwa. Gharama hiyo ni kubwa kuliko ya kupekua kurasa na kuondoa vitabu, lakini orodha safi isiyo na mlezi wa kuzungumza naye humwacha kijana pale pale alipoachwa Suzi.