Pongezi kwa walimu wa podfak

Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba cha Moscow, kilichoanzishwa mwaka 1960, husifiwa kwa madaktari na wahandisi wake. Mimi nawapongeza walimu wa kitivo cha maandalizi, podfak kama wanafunzi wanavyokiita. Wanampokea kijana asiyejua hata herufi moja ya Kirusi, na baada ya takriban mwaka mmoja anaingia darasani kusoma anatomia kwa lugha hiyo hiyo. Si mchezo! Herufi ni 33, na nyingine zinahadaa: P husomwa R, H husomwa N. Nomino ina hali sita za kisarufi, na kitenzi cha kwenda kwa miguu si kile cha kwenda kwa basi. Mwalimu hufundisha Kirusi kwa Kirusi: anaonyesha picha, anatembea hadi mlangoni, anarudi, anauliza, anasahihisha, anauliza tena. (Aliyekulia kwenye ngeli za Kiswahili, nadhani, upatanisho wa maneno ya Kirusi haumtishi sana.) Historia na fasihi huingia humo humo, akiwemo mshairi Pushkin, ambaye babu wa mama yake, Abram Gannibal, alitoka Afrika.