Fundi Anayekadiria Zege
Kabla saruji haijanunuliwa, fundi mwashi keshazunguka msingi na futi kamba. Jamvi la mita 10 kwa 8, unene sentimita 10, linataka zege mita za ujazo 8. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), ni mifuko kama 50 ya saruji ya kilo 50. Haishii hapo. Anapima kina kila pembe, maana kifusi kikititia sentimita 2 tu, zege linaongezeka kwa moja ya tano. Anajua pia kwamba zege likikatika katikati ya kazi, la kesho halitashikana vizuri na la leo. Hesabu hiyo, iliyoandikwa kwa penseli kwenye karatasi ya mfuko, wenye nyumba huwa hatuilipii.