Mnara Juu ya Boti Ndogo

Mtu aliyesimama kwenye boti ndogo, macho yake yakiwa mita 2 juu ya maji, huona mwisho wa bahari umbali wa kilomita 5 hivi. Apande mpaka macho yafike mita 6, mwisho huo husogea karibu kilomita 9. Faida hiyo si haba kwa anayetafuta ndege wanaozunguka juu ya vibua, ila siyo iliyowatia wavuvi wazimu wa kujenga minara. Wanachotafuta ni kuona ndani ya maji. Ukiitazama bahari kimshazari, kutoka chini, uso wake hukurudishia mwanga wa anga na jicho huishia hapo hapo. Ukiwa juu, unayatazama maji kwa pembe iliyosimama zaidi, mng'ao unapungua, na kwa miwani ya polaroidi kivuli cha samaki aliye mita kadhaa chini kinajitokeza.

Mabaharia wa majahazi walilijua hili zamani: chombo kinapokaribia miamba, mtu hupanda mlingotini akasoma rangi ya maji. Kwenye mlangobahari wa Messina, kati ya Sicily na Italia bara, wavuvi wa nduaro wana boti zenye minara inayozidi mita 20, imefungwa kwa kamba za chuma kila upande, na aliye kileleni ndiye anayeendesha. Lakini boti zile zimekusudiwa kazi hiyo. Ninayotaka kuisifu hapa ni kazi ndogo kuliko ile na, kwa maoni yangu, yenye mtihani mkubwa zaidi: kuichukua boti ya futi 23 au 26, ambayo aliyeichora hakuwahi kuwaza mnara, na kuiongezea mmoja bila kuiharibu.

Ufundi huu ulikomaa Florida, Marekani, na sababu yake ilikuwa jodari. Kila Mei na Juni jodari wakubwa wa Atlantiki walikuwa wakipita ukingoni mwa maji ya Bahamas, karibu na Bimini na Cat Cay, wakielekea kaskazini. Upepo wa kusini ukivuma walipanda karibu na uso wa maji wakasafiri pamoja na mawimbi. Kazi ya nahodha ilikuwa kuliona kundi kwa mbali, kulitangulia, kisha kukipitisha chambo mbele yake; akichelewa, limeshapita. Watu walisimama juu ya paa la kabini, wakaona haitoshi. Huko West Palm Beach kulikuwa na karakana ya John Rybovich, aliyefanya kazi na wanawe Johnny, Tommy na Emil. Mwaka 1947 familia hiyo ilishusha majini Miss Chevy II, boti iliyowapa jina katika uvuvi wa mchezo, na mnara wa kwanza wa jodari, mwanzoni mwa miaka ya 1950, hutajwa kuwa kazi ya mikono yao.

Flaibriji, ile roshani ya nahodha yenye usukani wake juu ya paa, ina historia ndefu kidogo kuliko hiyo. Mwandishi Ernest Hemingway aliporudi Marekani mwaka 1934 kutoka Afrika Mashariki, ambako mbali na kuwinda alivua pia maji ya Malindi, aliagiza boti ya futi 38 kwa Wheeler, watengenezaji wa Brooklyn, akaiita Pilar. Boti ilikuja bila flaibriji; iliongezwa baadaye. Leo Pilar iko nchi kavu, kwenye uwanja wa nyumba aliyoishi Cuba, na anayeitazama huona flaibriji yake ikiwa bado juu.

Boti ya wazi isiyo na kabini haina paa la kubebea roshani, kwa hiyo mnara wake husimama kwa miguu yake yenyewe. Hapo ndipo hesabu inapoanza, na hesabu hii haina huruma. Chukua boti ya tani 3 pamoja na mafuta na vifaa. Iwekee mnara wa kilo 150, uzito wake ukiwa mita 3 juu ya kitovu cha uzito cha boti: kitovu hicho kitapanda sentimita 14. Sasa mpandishe nahodha wa kilo 80 akae mita 4.5 juu, kitapanda sentimita 11 nyingine. Amwite mwenzake waje waangalie samaki pamoja, ongeza sentimita 10. Watu wawili wameielemea boti kwa juu kuliko mnara wenyewe, na hao hawajawekwa na fundi, wamepanda tu.

Ndiyo maana fundi mzuri ni bahili. Kila bomba analolitia amelihoji kwanza. Akiweza kuufanya mguu mmoja ubebe jukwaa na ushike pia kivuli cha jua, hatatia wa pili. Wenye boti hupenda mnara ulioshiba mabomba, kwa kuwa unaonekana imara. Mimi nikiuona wa namna hiyo huwaza kwamba aliyeutengeneza hakuwa na uhakika, akaongeza chuma mahali palipotaka fikra.

Chuma chenyewe si chuma, ni alumini. Kwa kawaida ni bomba la nje yapata milimita 48, ambalo limeshapakwa kiwandani ngozi ngumu ya kuzuia chumvi. Kabla ya kukata chochote fundi huisawazisha boti ikiwa juu ya trela, akitumia pimamaji, maana mnara uliopimwa kwenye boti iliyoinama utakuwa umepinda maisha yake yote. Miguu hukunjwa kwa mashine bila moto, wa kushoto na wa kulia kwa jozi, na huegemea ndani kadiri inavyopanda. Wepesi wa macho unaoupenda kwenye mnara mzuri unatokana na mwegemeo huo: chini umepanua miguu, juu umejikusanya.

Kisha maungio. Bomba linapokutana na bomba, ncha ya moja huchongwa mpaka ilikumbatie jingine mgongoni. Fundi huliweka, akaangalia kama mwanga unapenya, akaliondoa, akalipiga tupa kidogo, akalirudisha. Huenda akafanya hivyo mara nyingi kwa ungio lisilozidi upana wa kiganja, wala hakuna mteja atakayeijua kazi hiyo, kwa sababu itafunikwa na uchomeleaji. Lakini pengo lililoachwa hapa hulipwa kwa moto mwingi, na moto ni adui wa alumini ya aina hii: pembeni mwa mshono nguvu yake hushuka hadi karibu nusu. Kwa hiyo ungio zuri huwekwa mbali na mahali bomba linapopata mkazo mkubwa, na huchomelewa kwa moto mchache iwezekanavyo.

Ile ngozi ya nje nayo ina ukaidi wake. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi. Ngozi yake haiyeyuki mpaka zipite 2,000. Ukiupeleka moto mfululizo, chuma cha ndani kitamwagika nje kungali kugumu. Basi mchomeleaji, huku gesi ya agoni ikilikinga ungio na hewa, huupiga moto kwa vishindo: anabonyeza, tone linavunja ngozi na kutua, anaachia, anasogea kidogo, anabonyeza tena. Akimaliza mzunguko, mshono umekaa kama sarafu zilizopangwa zikilaliana, zote za upana mmoja. Ukiona sarafu moja imetanuka, hapo mkono ulisita. Isitoshe, alumini ikipoa hujivuta, kwa hiyo hashoni upande mmoja akaumaliza; huruka kutoka kulia kwenda kushoto, mvuto wa huku uzuie mvuto wa kule.

Hata hivyo pa kumpimia fundi ni chini, pale mguu unapokanyaga sitaha. Sitaha nyingi za fibaglasi zina tabaka mbili ngumu na katikati kitu chepesi, mara nyingi ubao laini wa balsa au povu gumu. Bolti ikikazwa moja kwa moja, tabaka hubonyea; ikibonyea, maji huingia; yakiingia, balsa huoza kimyakimya hadi siku mguu utakapoanza kucheza. Mwenye subira hutoboa tundu kubwa kuliko bolti, huchokonoa ule ulaini pembeni, hujaza epoksi, huingoja ikauke, ndipo hutoboa tena katikati ya epoksi. Chini ya sitaha huweka bamba la kuutawanya mzigo. Na kwa kuwa bolti ni za chuma cha pua na mguu ni alumini, na metali hizo mbili zikigusana kwenye maji ya chumvi ya pili huliwa, huzitenga kwa plastiki na kwa grisi maalumu. Yote haya hujificha chini ya kisahani kisichozidi ukubwa wa sahani ya chai.

Nyaya na mipira ya usukani hupita ndani ya mabomba. Usukani wa mafuta una adabu yake: hewa hupanda juu daima, kwa hiyo mafuta hujazwa kupitia usukani wa mnarani, siyo wa chini.

Kazi ikikamilika, boti hurudishwa majini na kupimwa. Fundi makini aliipima pia kabla ya kuanza: alihamisha uzito anaoujua kutoka ubavu mmoja hadi mwingine akasoma timazi imesogea kiasi gani, kisha akazima injini penye maji matulivu, akaiyumbisha, akahesabu sekunde. Sasa anarudia akalinganisha. Wengi hudanganyika hapa. Boti inayokwenda mrama kwa haraka huchosha na kutapisha, lakini huinuka. Iliyoongezewa uzito juu huyumba taratibu, kwa raha, na mwenyewe hufurahi kwamba mnara umeituliza. Utulivu huo ni dalili ya nguvu ya kujiinua iliyopungua. Na ikiinama nyuzi 15 tu, aliye mita 5 juu hupelekwa mita 1.3 upande huu, kisha mita 1.3 upande ule.

Anayetaka kuongeza mnara au flaibriji kwenye boti yake, iwe Watamu, Shimoni au kwingineko, na amwulize fundi swali moja kabla ya bei: juu watapanda watu wangapi? Akitaja idadi kabla hajaipima boti, tafuta fundi mwingine.