Mgongo Unaouma na Swali la Mkojo

Maumivu ya kiuno yanapomfikisha mtu hospitali, huulizwa panapouma. Swali linaloweza kumwepusha na ulemavu ni jingine: mkojo unatokaje?

Kwa mtu mzima, uti wa mgongo huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo hushuka fungu la mizizi ya neva ambalo madaktari huliita mkia wa farasi. Ndilo linaloendesha miguu, kibofu, haja kubwa na hisia za sehemu za siri. Diski ikipasuka na kumwaga kiini chake kwa wingi ndani ya mfereji wa mgongo, mizizi hiyo hubanwa kwa pamoja. Uvimbe, usaha, ajali na kifua kikuu cha mgongo huweza kuleta hali hiyohiyo.

Dalili za kubanwa huko mara nyingi hufuata mpangilio. Maumivu hushuka miguu yote miwili, na ganzi hushika sehemu inayogusa kiti cha baiskeli. Kisha mkojo hutoka kwa shida, au mtu hahisi kabisa kuwa kibofu kimejaa. Ukianza kuvuja wenyewe, mara nyingi kibofu kimeshapooza na kinafurika.

Daktari hupima hisia za eneo hilo la kiti na nguvu ya misuli ya njia ya haja kubwa, kisha huangalia mkojo uliobaki baada ya mgonjwa kukojoa. Ukizidi mililita 200, shaka huongezeka. Eksirei huonyesha mifupa tu. Kinachothibitisha kuwa neva zimebanwa ni kipimo cha MRI, na mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2023 unataka kifanyike ndani ya saa 4 tangu kilipoombwa.

Ikithibitika hivyo, hufuata upasuaji: daktari huingia kwa nyuma, huondoa sehemu ya mfupa unaofunika mfereji, husogeza mizizi taratibu na kutoa kipande cha diski. Uchambuzi wa wagonjwa 322 uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kuwa waliopasuliwa ndani ya saa 48 walipona vizuri zaidi. Saa hizo si ruhusa ya kusubiri: anayefika chumba cha upasuaji akiwa bado anahisi mkojo ana matumaini makubwa kuliko ambaye kibofu chake kimeshapooza.

Upasuaji huondoa mgandamizo. Haufufui neva iliyokufa. Kwa hiyo mhudumu na aulize habari za mkojo na ganzi kabla ya kuandika dawa ya maumivu, faraghani na kwa lugha ya wazi, ili aibu isimnyamazishe mgonjwa.