Mashabiki wa Tolkien na Kisima cha Kusadikika

Mwaka 1956 mhakiki mashuhuri wa Marekani, Edmund Wilson, aliiponda The Lord of the Rings ya J.R.R. Tolkien katika jarida la The Nation. Aliiona kuwa hadithi ya watoto iliyopita kiasi. Miaka minne baadaye mashabiki wa Los Angeles walitoa I Palantir, linalohesabiwa kuwa jarida la kwanza la mashabiki wa Tolkien. Majarida ya aina hiyo yalipigwa taipu kwenye stensili, yakadurufiwa, yakatumwa kwa posta. Mitihani ya shule zetu nayo ilitolewa hivyo zamani. Mwaka 1965 Richard Plotz wa New York, akiwa bado sekondari, alianzisha Chama cha Tolkien cha Marekani pamoja na Tolkien Journal.

Si kila ukurasa wa majarida hayo ulistahili wino wake. Hata hivyo yaliuliza mambo ambayo Wilson hakuona haja ya kuyauliza: neno hili limenyambuliwaje? Kutoka hapa hadi pale ni mwendo wa siku ngapi? Tolkien, aliyekuwa profesa wa lugha Oxford, hakuwadharau. Alimpelekea Plotz jedwali la jinsi nomino za Quenya, lugha aliyoibuni, zinavyobadilika. Na Parma Eldalamberon, lililoanza mwaka 1971 kama jarida la mashabiki wa lugha hizo, baadaye ndilo lililochapisha maandishi ya Tolkien mwenyewe kuhusu lugha zake.

Niliposoma habari hizi hapa Lilongwe nilikumbuka Kusadikika ya Shaaban Robert (1951), tuliyoisoma Dzaleka kwa fotokopi moja iliyopita nyumba hadi nyumba. Uhakiki tuliouzoea huruka moja kwa moja: Kusadikika ni istiari ya utawala wa kikoloni, alama zimepatikana, tugeuze ukurasa. Sipingi istiari hiyo. Napinga haraka yake. Mwenzetu mmoja, fundi wa baiskeli, aliuliza: nchi inayoning'inia hewani, mtu akichimba kisima anatokea wapi? Tulimcheka, na mimi nilicheka kuliko wote.

Lakini swali lake linagusa mhimili wa kitabu. Wajumbe sita wanatumwa pande nne za dunia, na pia mbinguni na ardhini. Kwa kuwa Kusadikika haina ardhi yake, hata ardhi ni ugenini, na habari zinazotoka huko zinaogopwa sawa na zile za mbinguni. Anayekimbilia istiari haoni kwamba Shaaban Robert ameijenga hofu ya watawala ndani ya jiografia yenyewe.

Kila mjumbe akirudi anafungwa. Dzaleka ilikuwa gereza kabla ya kupokea wakimbizi mwaka 1994, kwa hiyo hapo hatukupita haraka. Tulibishana jioni nzima kama wajumbe wale walikuwa wakipelekewa chakula na ndugu zao au la, na hakuna aliyeandika hata mstari mmoja.