Wimbo Uliosahauliwa Nusu: Pengo ni Amana

Ndugu msomaji, huenda nawe unao wimbo wa namna hii. Uliimbiwa ulipokuwa mdogo, sauti yake waikumbuka barabara, lakini maneno yamekupotea. Umebakiwa na ubeti mmoja na neno moja au mawili ambayo hata maana yake huijui. Siku moja wajukuu wanakuomba uwaimbie, nawe unafika katikati unakwama. Hapo ndipo nafsi inapokunong'oneza: jaza tu, nani atajua?

Juu ya jambo hilo nataka tuzungumze leo. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana mwalimu afichuaye makosa ya watu na kuyasitiri yake hafai kusikilizwa.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Lamu aliyeolewa Tanga. Alikuwa na wimbo wa kubembelezea watoto. Alipofariki nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na katika wimbo ule nilibakiwa na ubeti wa kwanza, ambao mama anamnyamaza mtoto na kumwambia kuwa baba yake yuko baharini. Katika ubeti wa pili nilikumbuka neno moja tu, nalo ni "mtanga". Sisi watoto wa Tanga tulilifurahia mno neno hilo, kwani tuliona tunatajwa sisi. Mtanga si mtu wa Tanga?

Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu kijana wa madrasa, nami nikijiona hodari wa kutunga. Akina mama wa mtaani wakanijia kuniomba maneno ya wimbo ule wauimbe harusini. Sikusema, "Siyakumbuki." Nilikaa usiku mmoja nikatunga ubeti wa pili na wa tatu: yule Mtanga amerejea salama, jahazi limesheheni tende na vitambaa, na mkewe anatoka kumpokea. Vina vilikaa, mizani ikatimia. Nikawapa, nikasema, "Haya ndiyo maneno ya bibi." Wimbo ukapendwa, ukafika mpaka Pangani.

Ikapita miaka ishirini na miwili. Mwaka 2006 nilikwenda Mombasa mazikoni, nikakaribishwa katika nyumba ya bi kizee mmoja mwenye asili ya Lamu. Katika mazungumzo nikautaja wimbo wa bibi, naye akaniomba niuimbe. Nikauimba wote. Bi kizee alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza:

"Mwanangu, huyo mtu wa Tanga katoka wapi? Mtanga ndio huo nyinyi muuitao mchanga."

Wallahi, nilitamani ardhi inimeze. Watu wa Lamu na Mombasa husema "mtanga" pale tusemapo sisi "mchanga", kama wasemavyo "nti" pale tusemapo "nchi". Nami niliyekuwa nikiwasomesha watoto herufi na makharija sikuwahi kujiuliza kwamba bibi yangu alisema Kiamu!

Akanisomea ubeti wa pili kama alivyoupokea kwa mama yake. Maana yake ni kwamba baba wa mtoto amekufa maji na hakupata mtanga, yaani hakuna mkono uliomtupia yale magao matatu ya mchanga tuwatupiayo maiti wetu kaburini. Na ubeti wa tatu ni dua. Mama anamwomba Mola amhesabu mumewe katika mashahidi, kwani Mtume (S.A.W.) amewataja waliokufa maji miongoni mwao.

Sasa, ewe msomaji, tuupime wimbo huu kwa haki. Ubeti wa kwanza unasema baba yuko baharini, na msikilizaji anadhani yuko safarini. Ubeti wa pili haukanushi neno hilo hata kidogo. Baba yuko baharini kweli, nako ndiko atakakobaki. Mama hakumdanganya mwanawe, ila alimpa ukweli kwa kadiri ya umri wake. Naye, kwa kuwa pengine hakupata nafasi ya kulia mbele ya watu, alilia kwa kumbembeleza mtoto. Kisha ubeti wa tatu unamfariji yeye mwenyewe, kwamba aliyekosa kaburi hakukosa daraja mbele ya Mola wake.

Beti zangu je? Zina vina, lakini zimemfufua maiti na kumpakia tende. Zimeugeuza msiba kuwa sherehe na kuifuta dua. Ubaya zaidi ni kwamba zilikuwa nzuri. Lau zingekuwa mbovu, mtu angeuliza.

Jambo hili si geni. Huko Kufa, katika karne ya 8, alikuwako Hammad aliyeitwa ar-Rawiya, aliyehifadhi mashairi mengi mno ya Waarabu wa kale. Mwanachuoni mwenziwe, al-Mufaddal adh-Dhabbi, inasimuliwa kuwa alilalamika kwamba Hammad ameyaharibu mashairi uharibifu usiotengenezeka. Sababu yake ni kwamba Hammad aliijua mno njia ya kila mshairi, akachomeka maneno yake humo, watu wasiweze kuyatenga. Hodari akikosa amana, uhodari wake ndio balaa yenyewe. Na maulamaa wa hadithi walikuwa na jina la maneno ya mpokezi yaliyoingia ndani ya matini: waliyaita mudraj, wakafanya kazi kubwa ya kuyatenga.

Pengine utauliza: je, ni haramu kuongeza juu ya kazi ya wa kale? Hasha. Iko njia ya heshima, nayo ni takhmisi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, yule anasibishwaye na Al-Inkishafi, ndiye pia anasibishwaye na takhmisi ya shairi la Liyongo. Mwenye kufanya takhmisi huchukua mishororo miwili ya mwenziwe na kuitangulizia mitatu yake, na kila ajuaye fani hiyo anajua ya nani ni ipi. Amejenga ukumbi mbele ya nyumba ya mwenziwe bila kuubomoa ukuta wa zamani. Mimi niliuvunja ukuta, nikapaka chokaa, nikasema nyumba ndivyo ilivyokuwa.

Tazama pia yalivyohifadhiwa mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa. Muyaka alifariki mwaka 1840. Miongo kadhaa baadaye Mwalimu Sikujua wa huko huko Mombasa alimsaidia Mwingereza W. E. Taylor kuyakusanya na kuyafafanua, na mwaka 1940 Hichens akayatoa katika Diwani ya Muyaka. Sikujua alikuwa mshairi mwenyewe, lakini kazi aliyoshika ni kueleza. Na mwaka 2004 huko Köln kundi la wanazuoni, miongoni mwao Ahmed Sheikh Nabhany na Abdilatif Abdalla, walitoa kitabu cha nyimbo za Liyongo. Jina lake tu ni somo, kwani linasema ni mashairi yanayonasibishwa na Fumo Liyongo. Neno "yanayonasibishwa" ni dogo, lakini mimi lilinishinda mwaka 1984.

Basi ukiutafuta wimbo wako, andika kwanza unachokikumbuka, na penye pengo acha pengo. Usione haya, kwani pengo ni amana ya mtu atakayekuja na neno lake. Uliza mwimbaji wako alikuwa mtu wa wapi, kisha wafuate wazee wa huko, maana neno unalodhani umelikosea huenda ni lahaja usiyoijua. Muulize zaidi ya mmoja, na wakihitilafiana andika yote mawili pamoja na jina la kila aliyekupa. Na ukitaka kutunga, tunga, lakini weka jina lako. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kujijibu.

Niliporudi Tanga niliwaita wale akina mama, wengine sasa ni mabibi, nikawaambia ukweli na kuwasomea maneno ya bi kizee. Mmoja alilia, akasema baba yake naye alipotea baharini, na kwamba miaka yote ile akiuimba wimbo wangu moyo wake ulikuwa ukikataa bila ya kujua sababu. Mwingine akasema, "Lakini sheikh, wako ni mtamu zaidi, na harusini hatuwezi kuimba maiti." Na harusini ungali ukiimbwa wangu mpaka leo. Nikiusikia huinamisha kichwa.

Bi kizee alifariki mwaka uliofuata, Mwenyezi Mungu amrehemu. Lau ningechelewa mwaka mmoja, yule baba angebaki hana mchanga wala dua.

Wabillahi tawfiq.