Mzimu Wataka Damu, Kijana Ataka Karo

Anayeijua Hamlet anajua inavyoisha: maiti zimelala jukwaani kila upande, na mgeni kutoka Norway anaingia kuchukua ufalme ambao hakuupigania. James Ijames aliichukua hadithi hiyo akaihamishia nyuma ya nyumba moja kusini mwa Marekani, penye jiko la nyama linalofuka moshi na sherehe ya harusi ambayo bwana harusi ndiye pekee anayeifurahia kikweli. Akaiita Fat Ham. Iliposhinda Tuzo ya Pulitzer ya tamthilia mwaka 2022 ilikuwa imeonekana kama filamu tu, iliyotengenezwa mwaka 2021 na Wilma Theater ya Philadelphia wakati Korona imefunga kumbi. Baadaye ikachezwa Public Theater, New York, na mwaka 2023 ikafika Broadway.

Jina lenyewe ni mchezo. Ham ni nusu ya Hamlet, ni paja la nguruwe, na kwa Kiingereza cha waigizaji ni yule mtu anayetia chumvi kila anachokifanya jukwaani. Nimeisoma tamthilia hii mara mbili na bado nacheka palepale.

Hamlet wa humu anaitwa Juicy. Ni kijana Mweusi, mnene, mwenye huzuni, anayependa wanaume, na anasomea usimamizi wa wafanyakazi katika chuo cha mtandaoni. Baba yake, Pap, alikuwa na mgahawa wa nyama za kuchoma. Alifungwa kwa kuua mtu, naye akauawa gerezani. Wiki moja baadaye mama, Tedra, ameolewa na Rev, ndugu wa marehemu. Katikati ya maandalizi ya sherehe mzimu wa Pap unatokea: Rev ndiye aliyepanga niuawe, nilipizie kisasi. Humjulii mwanao hali hata kidogo, bana? Umetoka ahera, umemkuta na msiba, na neno lako la kwanza ni amri.

Huku kwetu mzimu wa baba si jambo la kushangaza sana. Marehemu huja ndotoni, wakadai mtoto aitwe jina lao, wakadai kaburi lisafishwe. Na mjane kuolewa na shemeji, jambo linalomtia Hamlet wa Shakespeare kichefuchefu, kuna wazee Nyanza ambao wangeuliza tatizo liko wapi. Kwa hiyo msomaji wa huku anaingia na macho mengine. Ndoa haimshtui, wala mzimu. Kinachomshika ni kile Pap anachotaka kumrithisha mwanawe, na kile Rev alichomnyang'anya. Maana pesa za karo za Juicy zimetumika kukarabati bafu. Mama anamwambia hivyo akiwa na aibu kidogo, si nyingi. Kwangu hilo ni tukio baya kuliko mauaji yenyewe. Kisasi cha damu kinasubiri, lakini muhula hausubiri.

Katika toleo la New York, mwigizaji mmoja, Billy Eugene Jones, aliwacheza Pap na Rev wote wawili. Kwa namna ile ile Rev akawa Pap aliyevaa nguo nyingine. Wote wawili wanamwona Juicy kuwa laini mno, na kila mmoja anataka kumkaza kwa ngumi au kwa maneno. Muuaji na aliyeuawa wanakubaliana kuhusu jambo moja tu duniani, nalo ni kwamba mtoto huyu si mwanaume wa kutosha.

Halafu kuna Tio, binamu, ambaye ndiye Horatio wa humu. Ni mvuta bangi, anaropoka, na nilimdharau kwa kurasa kadhaa. Lakini ni yeye anayemhesabia Juicy ukoo: baba yako alifungwa, baba yake alifungwa, na wa kabla yake, mpaka unafika utumwani. Halafu anauliza, kwani lazima na wewe? Swali hilo Hamlet hajawahi kuulizwa na mtu. Rafiki yake Horatio ni mwema, msomi, mwaminifu, lakini hafaulu kumzuia asiende kufa. Ilibidi aje mvuta bangi.

Hapa ndipo ucheshi unapofanya kazi nzito. Tumezoea kuambiwa kwamba ukimtoa mhusika kwenye tanzia ukamweka kwenye komedia umemshusha hadhi, kana kwamba kufa vizuri ndiyo cheo. Kwa Mtu Mweusi anayependa wa jinsia yake hesabu ni tofauti. Tanzia ndiyo aliyopewa siku zote, na riwaya na filamu nyingi zinamkubali kwa sharti kwamba afe kabla ya ukurasa wa mwisho, ili sisi tupate kulia na kujiona tuna roho nzuri. Mkenya hahitaji kwenda mbali kuliona hilo. Filamu ya Wanuri Kahiu, Rafiki, ilipigwa marufuku mwaka 2018, na Kahiu amesimulia kwamba walitaka abadilishe mwisho kwa sababu ulikuwa na matumaini kupita kiasi. Yaani wasichana wawili wakipendana na mambo yakaharibika, huenda filamu ingepita. Kosa lilikuwa kuwaacha wakitabasamu. Mahakama Kuu ilipoondoa marufuku kwa siku saba, watu walijaza ukumbi Nairobi.

Nikiwa na hilo kichwani niliusoma mwisho wa Fat Ham, na hapo nina ugomvi na mwandishi. Rev anakabwa na nyama kooni. Juicy anataka kumsaidia, Rev anakataa kuguswa na mtu wa namna hiyo, na anakufa. Kama mzaha ni mkali ajabu: chuki yake ndiyo iliyomnyonga, tena mbele ya sahani yake mwenyewe. Lakini mezani kulikuwa na swali gumu. Kijana asiyetaka kuua atafanya nini na baba mdogo muuaji anayelala chumba cha mama yake? Ataishi naye? Atamshtaki? Ataondoka? Ijames anamwita mfupa umalizie. Juicy anabaki na mikono misafi bila kuamua chochote, na mimi ningependa sana kumwona akiamua.

Opal naye, Ophelia wa humu, ameokolewa asizame mtoni, jambo zuri, halafu hakupewa mengi ya kufanya nchi kavu. Anapenda wanawake, hataki magauni anayovalishwa na mama yake, ana ulimi mkali. Nilitamani apate ukurasa mmoja zaidi. Kaka yake Larry, mwanajeshi anayetembea kama amemeza ubao, ndiye aliyepata. Anampenda Juicy, na siri hiyo inapotoka hadharani sherehe inageuka vurugu. Kisha waliobaki hai wanaangaliana na kukumbuka kwamba hii ni tanzia, kwa hiyo inabidi wauane. Wanafikiria. Wanaona hawana sababu. Larry anarudi amevaa mavazi ya kung'aa, na muziki unawashwa. Mwisho huo nimeusamehe mfupa kwa ajili yake.

Aliyeiongoza New York ni Saheem Ali, mzaliwa wa Kenya, ambaye mwaka 2025 aliongoza Twelfth Night katika bustani ya Central Park, Lupita Nyong'o na kaka yake Junior wakicheza pacha wanaozungumza Kiswahili. Basi Shakespeare na lugha yetu wanajuana. Nyerere alimtafsiri Juliasi Kaizari mwaka 1963, Mabepari wa Venisi wakafuata mwaka 1969, na S. S. Mushi akatuletea Makbeth mwaka 1968. Wote hao walikuwa wafalme, majemadari na matajiri. Nani atamtafsiri Juicy?

Nilijaribu kurasa chache, kwa kujifurahisha tu. Kikwazo cha kwanza ni jina la hali yake. Shoga ni tusi ukiwa stendi ya matatu, lakini ukiwa uani Lamu ni mwanamke akimwita rafiki yake kwa mapenzi. Kuchu limetoka Uganda na linajulikana na wenyewe zaidi kuliko na majirani zao. Msamiati wa magazeti, wapenzi wa jinsia moja, ni mrefu na baridi, hakuna mama atakayeutamka akiwa ameshika sufuria. Niliyaacha yote matatu pembeni nikaendelea na mazungumzo. Lakini lile neno ambalo Pap na Rev wanalirusha kila mara, kwamba kijana ni laini, halikunisumbua hata dakika moja. Linaingia lilivyo. Na ni neno hilohilo ambalo wageni wa harusi, wakishanawa na kukaa, wangelitumia kuisifu nyama ya Rev.